Muulize Mjomba: Ripken, namba sita aliyegoma kukaa benchi

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu Cal Ripken Jr., yule shotistopu wa zamani wa Baltimore Orioles, nikasema msimu wake wa 1991 ndo mtamu kuliko wote aliowahi kucheza mtu wa nafasi ile akiwa kwenye timu mbovu. Mistari minne! Barua zikaja utadhani nimeitukana Simba na Yanga kwa siku moja. Haya, leo hakuna maswali ya ndondi wala ya usajili, ni besiboli mwanzo mwisho, mkichoka semeni.

Mjomba shikamoo. Mi nafanya kazi ghalani hapa Baltimore, zamu ya usiku, na wazee wa hapa kila wakishika kahawa ni Ripken, Ripken, Ripken. Nimekulia Kigoma, mpira naoujua mi ni wa miguu. Hiyo shotistopu ni nafasi gani na kwa nini wanamwongelea kama mtume?
*Kijana wa zamu ya usiku, Baltimore*

Marahaba mpwa wangu. Anza na uwanja. Kuna beisi nne zimekaa kama almasi, kutoka moja kwenda nyingine ni mita 27 na kidogo. Mpigaji anasimama beisi ya nyumbani na akishagonga mpira anakimbilia beisi ya kwanza, iliyoko upande wake wa kulia. Sasa wapigaji wengi wanapiga kwa mkono wa kulia, na mtu wa kulia akiuchapa vizuri mpira unaelekea kushoto, kati ya beisi ya pili na ya tatu. Pale kwenye mwanya ndo anasimama shotistopu, halindi beisi yoyote, analinda mwanya. Mpira unamjia chini chini kwa kasi ya ajabu, saa ingine unagonga kichuguu cha udongo unabadili njia, na yeye audake, ageuke, aurushe uwanja mzima hadi beisi ya kwanza kabla mkimbiaji hajafika, na mkimbiaji anatumia sekunde nne na ushee tu. Akibabaika kidogo, imekula kwao.

Halafu kuna kitu kitakufurahisha. Kwenye karatasi ya kuandikia mechi kila nafasi ina namba yake, pitcha, yaani mrushaji, ni 1, mdakaji wa nyuma ni 2, na shotistopu ni 6. Namba sita kabisa, mkata umeme! Kwa hiyo wazee wako wakianza kukuzingua waambie namba sita unamjua toka Kigoma.

Sasa kwa sababu kazi ile ni ya wepesi, klabu zilizoea kuweka pale watu wembamba wafupi wafupi, na hakuna aliyejali kama mtu anajua kupiga. Hao hao Orioles walikuwa na Mark Belanger, tuzo ya Gold Glove ya ulinzi alibeba mara 8, lakini katika misimu 18 alipiga homurani 20 tu, na homurani ni ule mpira unaovuka ukuta wa uwanja ukiwa hewani, mpigaji anazunguka beisi zote kwa raha zake. Basi mwaka 1982 kocha Earl Weaver akamchukua huyo Ripken, kijana wa mita 1.93 aliyekuwa anacheza beisi ya tatu, tarehe 1 Julai akamsogeza shotistopu. Watu wakaguna, mrefu mno huyo, atainama saa ngapi. Kijana akamaliza msimu na homurani 28 na tuzo ya chipukizi bora wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani. Mwaka uliofuata, 1983, akawa mchezaji bora wa ligi yote hiyo na timu ikachukua ubingwa wa World Series, ile fainali ya ligi kuu, mbele ya Philadelphia Phillies mechi 4 kwa 1, na mpira wa mwisho kabisa uliomaliza kazi ulitua kwenye glavu yake. Ana miaka 23 hapo. Tena ni mtoto wa palepale Maryland, kakulia Aberdeen, mwendo mfupi tu kutoka ghalani kwako. Ndo maana wanaongea vile.

Mjomba umetia chumvi. Timu imepoteza mechi 95 halafu unaniambia msimu mtamu? Mchezaji bora anatokaje kwenye timu ya kushuka daraja?
*Msomaji wa Tandika*

Kwanza kule hakuna kushuka daraja, mngekuwa mnajua raha hiyo wenzetu wa timu ndogo. Pili, ni kweli, Orioles wa 1991 walishinda 67 wakapoteza 95, wakawa wa sita kati ya timu saba za kundi lao. Sibishi. Lakini hapo hapo ndo utamu wenyewe.

Rudi nyuma mwaka mmoja. 1990 Ripken alipiga kwa wastani wa asilimia 25 tu, na hapo ndo maneno yakaanza, kachoka, apumzishwe, anang'ang'ania tu kucheza kila siku. Na wakati huohuo kwenye ulinzi alifanya kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria nacheka, mechi 161 kwenye nafasi ngumu kuliko zote, makosa 3. Matatu! Kuna kipindi alipitisha mechi 95 mfululizo bila kosa hata moja. Na Gold Glove ya mwaka ule wakampa mtu mwingine, Ozzie Guillen wa Chicago. Unaona dharau?

Kwa hiyo 1991 anaingia uwanjani mtu wa miaka 30 anayesemwa kaisha. Akacheza mechi zote 162. Alikwenda kupiga mara 650 za kuhesabika, akapata hiti 210, yaani mipira iliyomfikisha beisi salama, hiyo ni asilimia 32.3, na kwenye besiboli ukigusa 30 tu wanakuita fundi. Homurani 34, akaingiza wenzake na yeye mwenyewe nyumbani mara 114, na kitu ninachokipenda mimi kuliko vyote, pitcha walimtoa kwa straiki tatu, yaani kushindwa kuipiga mipira mitatu mizuri, mara 46 tu msimu mzima. Kawaida mtu anayepiga homurani nyingi anakosa pia mipira mingi maana anapiga kwa nguvu zote, huyu alikuwa anapiga mbali na hakosi. Ni kama fowadi anayefunga mashuti ya mbali kila wiki na hapigi nje.

Katikati ya msimu wakaenda Toronto kwenye wikiendi ya mastaa wa ligi. Siku ya mashindano ya kupiga homurani alirushiwa mingi akazungusha gongo mara 22, mipira 12 ikavuka ukuta, akashinda. Kesho yake kwenye mechi yenyewe akampiga pitcha Dennis Martínez homurani ya mikimbio mitatu, yaani pointi tatu, American League wakashinda 4 kwa 2, tuzo ya mchezaji bora wa mechi akabeba yeye. Kabla yake hakuna aliyewahi kuvichukua vyote viwili mwaka mmoja.

Mwisho wa mwaka kura za mchezaji bora wa American League zikapigwa, Ripken pointi 318, Cecil Fielder wa Detroit 286. Kabla yake hakuna mtu katika historia ya American League aliyewahi kushinda tuzo ile akitoka timu iliyopoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Na Gold Glove safari hii wakampa, ya kwanza, tulikuwa tunaingoja toka mwaka jana.

Sasa we wa Tandika fikiria mwenyewe, kwenye timu nzuri mpigaji ana wenzake wa kumlinda, pitcha akimkwepa huyu anakutana na yule. Ripken alikuwa na nani? Kila pitcha aliyekuja Baltimore alijua huyu ndo wa kuchunga, na bado. Ule pia ulikuwa mwaka wa mwisho wa Memorial Stadium, uwanja wao wa zamani, watu walikuwa wanakuja kuuaga uwanja na kumtazama mtu mmoja.

Mjomba, heshima yako, ila umemsahau Alex Rodriguez 2003. Texas Rangers walishika mkia, yeye shotistopu, homurani 47, akawa mchezaji bora wa ligi. 47 si zaidi ya 34?
*Shabiki wa takwimu, Dallas*

Nilijua utakuja wewe, nilikuacha makusudi.

47 ni zaidi ya 34, hesabu hiyo hata mjukuu wangu anaiweza. Ila mwaka 2009 Rodriguez mwenyewe alikiri mbele ya kamera kwamba miaka yake mitatu ya Texas, 2001 hadi 2003, alikuwa anatumia dawa zilizokatazwa. Kakiri mwenyewe, si maneno ya vijiweni. Kwa hiyo kwangu mimi ule msimu unabaki kwenye vitabu, kwenye meza yangu haukai. Na hata ukiacha dawa, kile kipimo cha kisasa kinachojumlisha kupiga, kukimbia na kulinda pamoja, tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference wanampa Ripken wa 1991 zaidi ya 11, kiwango ambacho mashotistopu wa kukifikia unawahesabu kwa vidole. Rodriguez wa 2003 yuko chini ya hapo.

Halafu nikwambie kitu cha kumtetea huyohuyo Rodriguez maana mi si mtu wa chuki. Mechi ya mastaa ya 2001, Seattle, Ripken keshatangaza anastaafu na siku hizo anacheza beisi ya tatu. Timu inaingia uwanjani, Rodriguez ndo shotistopu, akamfuata Ripken akaanza kumsukuma kwa mikono, nenda kule, hapa ni pako, wakabadilishana nafasi. Ripken hakuwa anajua, alibishana kidogo, kisha akaenda. Baadaye akapiga homurani kwa mpira wa kwanza aliorushiwa na Chan Ho Park, mwenyewe ana miaka 40. Mchezaji bora wa mechi, tena. Basi hiyo ya adabu kwa mkubwa wako nampa Rodriguez maksi zote.

Mjomba habari za kazi. Mimi ni nesi huku Muscat. Nimesoma kuwa huyo Ripken hakukosa mechi hata moja miaka 16. Huku sisi ukija kazini unaumwa unarudishwa nyumbani, na ni sawa kabisa. Hiyo ni sifa au ni ubishi tu? Si angewaachia na wengine wacheze?
*Nesi wa Kiswahili, Muscat*

Salama dada yangu, na swali lako ndo bora kuliko yote ya wiki hii, wenzako wananiletea namba tu.

Ni kweli. Tarehe 30 Mei 1982 alianza, na mpaka 19 Septemba 1998 alicheza mechi 2,632 bila kukosa hata moja. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa ya Lou Gehrig wa Yankees, 2,130, aliyesimama 1939 kwa sababu ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulioua misuli yake na baadaye ukamuua mwenyewe. Watu waliamini ile haiguswi.

Ubishi ulikuwepo dada, nisikudanganye. Kuna rekodi yake nyingine haisemwi sana. Kuanzia 1982 hadi Septemba 1987 hakukosa mechi wala hakutolewa hata kwa inningi moja (inningi ni kila timu kupata zamu yake ya kupiga, na mechi ina tisa), inningi 8,243 mfululizo. Hata timu ikifungwa 15 yupo tu uwanjani. Aliyekuja kumtoa ni kocha wake, na kocha ni nani? Baba yake mzazi, Cal Ripken Sr. Siku ile Toronto wanawapiga 18 kwa 3, homurani 10 kwenye mechi moja, mzee akaona basi, akamtuma mwingine aingie. Mi naona mzee alichelewa. Rekodi ya inningi ni upuuzi, haina faida kwa mtu.

Na huyo mzee naye yaliyompata. Mwaka 1988 msimu umeanza, timu ikapoteza mechi 6 za mwanzo, wakamfukuza, watoto wake wawili, Cal na Billy, wako kwenye timu ileile wanaangalia. Baada ya kumfukuza timu ikaendelea kupoteza hadi ikafika mechi 21 bila ushindi. Kwa hiyo tatizo halikuwa mzee. Cal kesho yake akavaa jezi akaenda kazini. Mi ningegoma, nakwambia kweli, lakini ndo tofauti yetu.

Kwenye ugonjwa nakupa haki yako nusu. Juni 1993 kulikuwa na ugomvi wa uwanjani na Seattle Mariners, goti likapinda, asubuhi hawezi kulikanyagia vizuri, jioni kacheza. Ningekuwa daktari ningemfungia mlango. Lakini kwenye kuwaachia wengine nafasi hapo nabisha, maana muda wote ule Orioles hawakuwa na shotistopu mwingine aliyemkaribia hata akiwa mgonjwa. Ungemtoa umuweke nani?

Na kuna hili la mwaka 1995. Agosti 1994 wachezaji waligoma kwa ajili ya mishahara, msimu ukakatwa katikati, World Series ikafutwa. Waliporudi 1995 watu walikuwa na hasira, viwanja vitupu, mamilionea wanagombana na mabilionea nani awaonee huruma. Ikawa kitu kimoja tu kinachowarudisha watu ni huyu bwana anayekuja kazini kila siku. Tarehe 6 Septemba 1995, Baltimore, mechi ya 2,131 dhidi ya California Angels, Rais Clinton yupo, Joe DiMaggio aliyecheza na Gehrig mwenyewe yupo. Inningi ya nne Ripken akapiga homurani. Mechi ikifika nusu ya inningi ya tano na wenyeji wanaongoza inahesabika rasmi, basi ilipofika pale namba kubwa kwenye ukuta wa lile ghala la matofali nyuma ya uwanja zikabadilika kutoka 2,130 kuwa 2,131, na mchezo ukasimama dakika 22. Watu wanapiga makofi tu. Anatoka, anainama, anarudi ndani, hawaachi, mpaka wenzake Bobby Bonilla na Rafael Palmeiro wakamsukuma nje azunguke. Akazunguka uwanja mzima anashikana mikono na watu wa viti vya mbele, mapolisi, wahudumu, wapinzani. Juu kwenye boksi baba yake anaangalia.

Alivyomaliza ndo nilivyompenda zaidi. 20 Septemba 1998, nyumbani, wanacheza na Yankees, akaenda kwa kocha Ray Miller kabla ya mechi akamwambia leo usiniweke. Hakuna sherehe, hakuna waandishi walioitwa. Chipukizi Ryan Minor akaingia badala yake. Yankees walipogundua, wakatoka kwenye benchi lao wakasimama kumpigia makofi. Kwa hiyo dada, hakuumia wala hakufukuzwa, aliamua mwenyewe siku ya kulala nyumbani. Huko kwenu wangapi wanapata hiyo?

Vipi mzee. Nipe rekodi zake zote haraka haraka, nina ubishi barazani Mombasa na dau lake ni sinia la biriani.
*Mwana wa Kisauni*

Homurani 431, kati ya hizo 345 akiwa shotistopu, hapo kampita Ernie Banks aliyekuwa na 277 kwenye nafasi hiyo. Hiti 3,184, ya 3,000 aliipata 15 Aprili 2000. Mchezaji bora wa American League mara mbili, 1983 na 1991. Misimu 21, timu moja tu. Mechi ya mwisho 6 Oktoba 2001. Jumba la Mashujaa la Cooperstown 2007, kura 537 kati ya 545, na hao wanane waliomnyima sijui walikuwa wanaangalia mchezo gani. Wakibisha bado watolee na hii, alipiga mipira ya kutoa watu wawili kwa mpigo mara 350, na hiyo ni aibu si sifa, alistaafu akiwa anaongoza historia nzima mpaka Albert Pujols alipokuja kumpokea mzigo. Mtu hawezi kwenda kupiga mara elfu kumi na kitu asivune na magugu.

Biriani nitumie hata picha.

Mjomba, hapa Kampala vijana wanacheza besiboli siku hizi. Kuna yeyote nje ya Marekani aliyemfikia Ripken? Na Waafrika je?
*Kocha wa mtaa, Kampala*

Aliyemfikia alikuwa mbele yake! Sachio Kinugasa wa Hiroshima Carp, Japani, alicheza 2,215 mfululizo, kwa hiyo Ripken alikuwa bado hajawa bingwa wa dunia hadi Juni 1996 alipocheza ya 2,216 kule Kansas City. Kinugasa mwenyewe alisafiri akaja kumshuhudia anampita. Ningependa niwe na roho hiyo.

Kwa upande wetu, wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017 na Pittsburgh Pirates, na siku ya kwanza mara ya kwanza kabisa kushika gongo akapata hiti. Naye ni mtu wa katikati ya uwanja, shotistopu na beisi ya pili. Na nyie Uganda ndo msiulize sana, watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza World Series ya watoto kule Williamsport, 2012. Wewe endelea kuwadakisha mipira ya chini, hiyo ndo shule yenyewe.

Mjomba shikamoo. Kijana wangu ana miaka 9, tuko Minneapolis, shule wana timu ya besiboli na amesikia habari za Ripken anataka awe shotistopu. Kocha kamwambia hapana, eti kwa sababu ni mashoto. Nimeumia sana, nimeona ni ubaguzi. Niende shuleni?
*Mama wa watoto watatu, Minneapolis*

Marahaba mama. Usiende, au ukienda nenda na mandazi. Kocha hapo hana kosa.

Shotistopu akishadaka anarushia beisi ya kwanza, upande wake wa kushoto. Mtu wa kulia anadaka, bega lishaelekea kule, anarusha. Mashoto inabidi kwanza azungushe mwili wote ndo arushe, na hiyo nusu sekunde mkimbiaji keshafika. Ndo maana ligi kuu huwaoni kabisa mashotistopu wa mashoto.

Ila mwambie mwanangu asikate tamaa. Kwanza hiyo hiti ya 3,000 ya Ripken aliipigia hukohuko Minneapolis, kwahiyo yuko mji wenye historia. Pili, mashoto ni dhahabu kwenye kurusha, kila timu inatafuta pitcha wa kushoto, na ni dhahabu kwenye beisi ya kwanza. Mwambie yule Lou Gehrig aliyeshikilia ile rekodi miaka yote kabla ya Ripken alikuwa mashoto, na alicheza beisi ya kwanza.

Na glavu ukienda kununua hakikisha ni ya kuvaa mkono wa kulia, ajaribu palepale dukani, maana zilizojaa kwenye rafu ni za wale wengine.